Shamba la Gichovi Katikati ya Bahari

Jumapili, 3 Agosti 1986

Gichovi wangu amepata shamba, na liko katikati ya bahari. Yeye mwenyewe hajui. Hata mimi sijaliona. Habari ni ya Nelius, msichana wangu mkubwa, anayefua mashuka kwenye hoteli kubwa ya pwani. (Nikisema anafua, nina maana mashuka yote yako chini yake.) Amekuja likizo, anataka kunichukua nikatembee. Jioni tukichambua maharagwe akasema karibu na kisiwa chao kuna ardhi nyeupe inatokea baharini. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ya nani namna gani, mama, ni mchanga tu. Mkono wangu ukasimama juu ya ungo.

Maana shida yetu Karurumo nzima inaijua. Shamba la baba yao limegawanywa mpaka kahawa ya ndugu huyu inaingilia ya yule. Gichovi ni kitinda mimba, mwalimu, mpole kama maziwa ya asubuhi, na anataka kumwoa Mukami. Jumapili ijayo babake Mukami, Mzee Njura, anakuja kuuliza kijana atajenga wapi. Na leo kanisani jirani yangu Cicily ameeleza tena ati kijana wake ana ploti Gachoka. Gachoka, mahali mbuzi wanagombania kivuli. Nilinyamaza kwa heshima ya ibada.

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika pwani. Ndani ya kikapu, chini ya nduma, nimebeba itoka, lile ua letu la mpaka. Kwetu ukilipanda pembe za shamba na likashika, hata chifu hang'oi. Nelius ameuliza ni nini kinanuka udongo. Nikamwambia dawa ya tumbo.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kisiwa. Boti ya hoteli, wafanyakazi na jamaa zao. Nahodha Bakari, mtu wa huko, maneno laini. Ameniita bibi wa bara, akanikalisha mbele.

Sikujua maji yanaweza kuwa na dirisha. Chini kabisa kuna bustani. Bakari anasema ni matumbawe. Mimi niliona kabeji, uyoga, pembe za swara, vyote vimetulia. Samaki walipita katikati kama akina mama wakitoka kanisani, kila mmoja na kitambaa chake. Nilisahau hata kumchukia Cicily.

Kisha ardhi. Iliinuka polepole nyuma ya kisiwa, nyeupe kama unga wa gredi ya kwanza, maji yakiteremka pande zote. Nilivua viatu nikaenda peke yangu. Nikaiona nyumba ya Gichovi. Mlango unatazama jua linapotoka. Moshi jikoni, Mukami ameinama anapakua. Ng'ombe wa gredi amefungwa kando, mtoto ananiita cucu, nyanya yake. Upepo ulipita, na nilisikia mabati yakilia ya nyumba ambayo haijajengwa.

Nikapanda itoka pembe zote. Viatu vyangu vya kanisa nikaviacha katikati, kuonyesha mwenyewe ametoka kidogo tu. Tukaenda kisiwani kula samaki.

Tuliporudi, shamba halipo. Nikamwambia Bakari amepotea njia.

"Ndipo hapa, bibi," akasema. "Tuko juu ya shamba lako."

Boti nzima ikacheka, na mtoto wangu wa kuzaa mbele yao. Itoka moja ikapita ikielea, samaki akiionja. Viatu sikuviona. Nimesikia watu wakisogezewa mpaka na jirani. Lakini mchana kweupe, mbele ya mashahidi?

Ijumaa, 8 Agosti

Nelius amenifundisha kupwa na kujaa kama ninaanza darasa la kwanza. Ati bahari hurudi kila siku, na ule mchanga hutoka vizuri mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Nikamwuliza, si ndiyo kusema shamba linanyweshewa bila mtu kuchimba mfereji? Akashika kichwa. Kusoma sana kunamaliza mtu akili ya shamba.

Nimesafiri kurudi nyumbani na patipati za Nelius miguuni.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee Njura amekuja na mkewe, Beth. Cicily naye akatokea, ati anaazima chumvi. Akapewa chumvi, akakaa.

Gichovi alinitangulia kusema. Hana shamba, hataki kudanganya mtu. Atapanga nyumba Runyenjes karibu na shule, na Mukami amekubali. Mimi nikatazama chini. Mzee Njura akakoroga chai muda mrefu. Mwisho akasema binti yake haolewi na udongo, anaolewa na mtu, na mtu amemwona. Beth akacheka kidogo. Baba Nelius, ambaye hucheka Krismasi tu, naye akacheka.

Mambo yalikuwa yamekwisha, tena vizuri. Lakini Cicily akanigeukia na macho ya huruma. Akasema pole, Mama Nelius, kupanga si aibu, hata wangu alipanga kabla ya Gachoka.

Huruma ya Cicily! Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikasema Gichovi ana shamba, kando ya kisiwa, halina jiwe, halina jirani, maji yanaingia yenyewe. Gichovi akafunga macho. Nikaona ni furaha.

Mzee Njura akaweka kikombe chini. Akauliza mbona kijana amemficha. Mtu akificha shamba, ataficha nini kingine? Akasema yale aliyoyakubali ameyaweka kando mpaka alione kwa macho yake, yeye na wazee wake. Beth akachukua kitambaa chake, wakatoka.

Gichovi hajaongea na mimi tangu hapo. Haidhuru, akiona mlango unatazama jua ataongea. Nelius alisema mwenyewe, mwezi ukiwa mpevu ardhi inatoka vizuri, na nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa. Safari hii nitabeba nguzo za mkaratusi. Nimeshamtuma mtu kwa Mzee Njura: aje na wazee wake wote, na Cicily awe shahidi, tukutane kwenye boti ya Bakari asubuhi, Alhamisi tarehe ishirini na moja.