Mpishi Anayenisomea Digrii

Jumatatu, 3 Machi
Barua pepe kutoka chuo cha nyumbani. Mahudhurio yangu: sifuri. Nikikosa vipindi vya mtandaoni vya mwezi huu nafutwa. Huu ni mwaka wangu wa tano kwenye digrii ya miaka mitatu! Kipindi ni asubuhi, na asubuhi niko kwenye mashine ya kufulia, nakunja mashuka ya hoteli huku ughaibuni. Mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni msomi. Nimechoka hata kukasirika.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana! Mpishi wa zamu ya usiku, ninayepokezana naye kitanda, hurudi asubuhi. Atakaa mbele ya kamera kwa jina langu. Nimemwambia kazi ni kutikisa kichwa tu. Akasema hiyo ataifanya hata akisinzia. Mhadhiri hajawahi kuniona. Atajuaje?

Alhamisi, 6 Machi
Hakutikisa kichwa. Alijibu maswali! Eti kusimamia biashara na kusimamia jiko ni mamoja. Mhadhiri kamsifu, yaani kanisifu. Nimemkanya asijitie kimbelembele. Akaniuliza kama nimesoma sura ya pili. Jeuri gani hii?

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi miguu imevimba, kitanda kimejaa vitabu vyangu, vimepigwa mistari kwa kalamu yake. Mama kapiga simu. Chuo kimemwarifu, yeye akiwa mdhamini, kwamba naongoza darasa. Alilia kwa furaha. Nami nililia, kwa sababu zangu.

Ijumaa, 14 Machi
Mtihani. Huu nilitaka kuufanya mwenyewe. Nilimdanganya msimamizi wa kazi kwamba jino linauma. Nikanyoa ndevu. Nikaazima shati la mpishi. Mhadhiri akanitazama kwenye kamera, akasema kwa upole, "Kaka, hebu mwachie kiti mwenye mtihani wake."
Nikasema ni mimi. Nikaonyesha kitambulisho. Picha ni ya miaka sita nyuma, kabla kazi hii haijaninyonya mashavu. Akasema huyo pia hamjui.
Nikamwamsha mpishi. Nikaenda kukaa ngazini kwa saa tatu nzima. Niliona aibu, sifichi.

Jumatano, 19 Machi
Nimepata tisini na mbili. Mama anataka niunganishe na shahada ya uzamili. Mpishi kanipa mkono wa pole, akasema hataendelea: anajiandikisha chuo kwa jina lake mwenyewe, ameona anaweza. Shukrani ya punda!
Basi. Leo nimezungumza na mlinzi wa getini, naye kakubali. Huyu hajibu hata salamu, sembuse maswali ya mhadhiri.