Tatu na Nne: Uzinduzi wa Mashine ya Kupima Mbari

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye baada ya vikao virefu imeamuliwa niwe mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kiti chake nimekikalia mimi kwa muda, waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wasaidizi, wasaidizi wa wakuu wasaidizi na wote wanaokaimu nafasi ambazo bado hazijaundwa, mwalimu mkuu, daktari wetu wa damu, mama yangu mzazi, pale safu ya mbele, aliyepakata mkoba, wanahabari, ambaye ni mmoja, wazazi, walezi, na watoto wenye vitambulisho shingoni: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza izingatiwe sasa. (Makofi. Mama mzazi anapunga mkono.)

Ndugu wananchi, mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Mbari na Mambo Yanayofanana na Hayo, nimesimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko wakurugenzi wote walionitangulia, na takwimu za unyenyekevu huo zipo. Nyuma yangu mnaona pazia jekundu. Nyuma ya pazia, kwa mujibu wa ratiba, kuna mashine, na mashine hiyo, ya kwanza ya aina yake katika ukumbi huu, itamwambia kila mtu yeye ni mbari gani, yaani ni aina gani ya binadamu, bila kumuuliza, bila kumsumbua na bila kumsikiliza. (Makofi kutoka safu ya wakuu wa idara.)

Kabla ya mashine tulipitia feizi ya kwanza ya implimentesheni, iliyoendeshwa kwa mikono. Ofisi yangu iliazima kwenye duka la rangi za nyumba ile kadi yenye vipande vya rangi, ile ambayo mtu huibandika ukutani akitafakari sebule yake. Maofisa wangu wakaingia shuleni, wakaiweka kadi kwenye mkono wa kila mtoto. Aliyefanana na Kahawia Namba Tatu akawa mbari ya Tatu, na aliyefanana na Kahawia Namba Nne akawa mbari ya Nne. Wapo wanaouliza mbari ya Kwanza na ya Pili ziko wapi. Swali zuri. Kwenye kadi ile, namba moja na mbili ni rangi za mabati. (Kicheko.) Nashukuru kwa kicheko hicho cha kuniunga mkono.

Mafanikio hayajifichi. Asilimia mia moja na nne ya watoto wamepimwa, kwa kuwa baadhi tuliwapima mara mbili wakatoa majibu mawili, jambo linaloonyesha utajiri wa data. Tatu wanasoma asubuhi, Nne wanasoma mchana. Tatu wana geti lao, Nne wana lao. Hata humu ukumbini mlango wa kushoto ni wa Tatu na wa kulia ni wa Nne, na mlinzi nimemwagiza kwa kinywa changu asimpitishe mtu asiyejulikana namba, hata akiwa nani. Narudia: hata akiwa nani. (Mlinzi anapiga saluti.)

Sasa namwona mama mmoja amesimama. (Ni fundi cherehani, safu ya nyuma. Mabinti zake wawili wamemshika gauni, mmoja kila upande.) Kaa, mama. Hajakaa. Haya, kwa faida ya wasiomfahamu, huyu ndiye anayetushonea sare za shule, na amekuja ofisini kwangu mara nyingi hivi kwamba katibu muhtasi wangu anamwita wifi. Ana watoto pacha, tumbo moja, siku moja, sura moja. Maofisa wangu walimpima mmoja dirishani, akatoka Tatu, na mwingine wakampima chini ya ngazi, ambako taa imeungua, akatoka Nne. Mama anasema huyu wa mchana ana kigugumizi, na mwenzake ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha watoto wengine mpaka amalize sentensi yake. Tangu watenganishwe, akiwa darasani hafungui mdomo kabisa. Anaomba warudishwe dawati moja, basi, hana lingine. Mama, nimeguswa. Nimeguswa kiofisi. Lakini nikikubali leo, kesho atakuja mwingine naye aseme ana ndugu, na sistimu nzima itaporomoka. (Minong'ono.)

Msininong'oneze, nimefanya utafiti. Nilimwita daktari wa damu nikamwambia anionyeshe damu ya Tatu na damu ya Nne. Akanionyesha chupa mbili. Nikamuuliza ipi ni ipi, akasema hajui wala hakuna atakayejua, na kwamba Tatu wawili wanaweza kutofautiana wao kwa wao kuliko Tatu na Nne. Nikamwambia, daktari, damu ni mambo ya ndani, idara yangu inashughulika na nje. Akaja mwalimu mkuu, yeye akasema mbari ni kitu tulichojitungia wenyewe, hakimo mwilini. Hapo nilikasirika, ndugu zangu, sitaficha. Kama ni kutunga, kimetungwa na idara yangu, kwa jasho la idara yangu, na kina mhuri. (Mkuu msaidizi mmoja anapiga makofi, anaona yuko peke yake, anajifanya anaua mbu.)

Nasikia sauti zinasema nipimwe mimi. Kwa moyo mkunjufu. Katibu muhtasi, lete kadi. (Anapimwa kivulini mwa pazia.) Mnaona? Nne, safi kabisa. Mwanahabari anaomba nisogee dirishani apate picha. (Anasogea. Anapimwa tena.) Tatu. Ndugu wananchi, huku ndiko tunakoita kubobea pande zote. (Kicheko.) Mama yangu anasema kitu, nakirudia ili wa nyuma wasikie: "Mwanangu, mimi walinipima nikawa Tatu. Ukiwa kivulini nilikuokota wapi?" (Kicheko kirefu.) Na anaongeza: "Warudishe watoto wa mwenzangu dawati moja." Mama, hayo tutayazungumza nyumbani.

Mashine itamaliza ubishi. Lakini kwanza, shukrani. Namshukuru mkandarasi wa pazia, pazia amelileta. Nawashukuru wafadhili kwa picha kubwa ya mashine, ambayo ndiyo iko nyuma ya pazia hilo. Mashine yenyewe haijatengenezwa, kwa sababu kiwanda kilituuliza ipime kitu gani hasa mwilini, na kamati yangu, tangu siku ile, bado inalitafuta jibu. Kwa hiyo mradi huu, kwa lugha ya kitaalamu, haupo na haukuwahi kuwepo. Ila msivunjike moyo. Mageti mawili yapo, zamu mbili zipo, mlinzi yupo. Kinachokosekana ni ile tofauti tu.

Watoto, nyie pacha, mbona mmevua vitambulisho? Haya, niambieni haraka, Tatu ni nani na Nne ni nani? (Mmoja anafungua mdomo, maneno yanakwama. Mwenzake anainua kiganja kuuambia ukumbi usubiri. Ukumbi unasubiri.) Binti, muda wa hafla... sawa, nasubiri na mimi. (Mtoto anasema, "Si... si... sisi ni wa mama.")

Mwalimu mkuu anasema kesho watakaa dawati moja, na atakayeweza kuwatofautisha kwa macho aje yeye mwenyewe awatenganishe. Hilo tutalipeleka kwenye kikao. Tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema mbari, mnajibu dijitali. Mbari! (Viti vinaburuzwa. Fundi cherehani anatoka kwa mlango wa kushoto, mtoto kila mkono, na ukumbi mzima unamfuata.) Mbari! Jamani, Nne wanapita mlango wa Tatu! Mlinzi, mbona unatazama tu? Anasema wale ni wengi mno, hana la kuwafanya.

Basi, nami niwashukuru ninyi viti kwa utulivu wenu, nishuke. (Anashuka. Mlinzi anaweka rungu mlangoni.) Unasemaje? Namba yangu? Kijana, mimi ndiye Mkurugenzi. Anasema aliambiwa hata akiwa nani, na kwamba ameshuhudia kwa macho yake nikiwa na namba mbili, Nne na Tatu. Mlango wa kulia je? Anasema hata huo. (Mama mzazi, aliyekwisha kutoka, anarudi, anamshika mwanawe mkono na kumwambia mlinzi, "Huyu ni wangu.")

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mlinzi, pisha. Nipo na mama.