Tumbo la Mke Wangu Limegoma

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya pili tangu mke wangu apasuliwe. Wamekata kipande cha utumbo mpana chenye uvimbe na kuunga ncha mbili zilizobaki. Kuunga! Kazi yangu hiyo, mimi fundi bomba. Nikamuuliza daktari mkuu, aliyempasua, katumia kiungio gani. Akasema uzi. Uzi mtupu. Moyoni niliona kazi hii inahitaji msimamizi.

Juu ya kitanda kuna kibao: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Muuguzi anasema utumbo ukishikwashikwa hulala, na mpaka uamke hakuna chakula. Utajuaje umeamka? Mgonjwa atajamba. Nilidhani ananitania. Kumbe kila asubuhi daktari mzima, na koti lake jeupe, anapita kitanda hadi kitanda akiuliza hilo kwa heshima zote. Leo mke wangu kajibu bado, macho chini.

Shemeji, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa sayansi, kakalia kiti pekee kilichopo. Kaja na mto wake kabisa. Mimi nasimama.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisoma vizuri ile picha ya mwili iliyobandikwa ukutani nje ya wodi. Mdomo, umio, mfuko wa tumbo, utumbo mwembamba umejikunjakunja, ule mpana umeuzunguka, kisha njia ya kutokea. Bomba tupu, juu hadi chini. Tatizo likaonekana hapo hapo: wamemlaza. Bomba likilala, maji yanatuama.

Muuguzi alipogeuka, nikazungusha mkono wa kitanda, nikainua upande wa kichwa. Nikauinua mno. Mke wangu akateleza hadi miguuni, mshono ukamvuta. Alilia kwa sauti ndogo. Nimetembea na sauti hiyo mpaka nyumbani.

Shemeji alinipa somo zima mbele ya wagonjwa. Eti utumbo si bomba. Ukuta wake ni misuli, inabana nyuma ya chakula na kuachia mbele yake, ndivyo chakula kinavyosukumwa. Hata mtu akiwa kichwa chini miguu juu, akimeza kitafika tumboni. Nikamwambia hayo ni ya vitabuni.

Jumatano, 6 Machi
Nimejaribu. Miguu ukutani, kichwa sakafuni, mrija mdomoni. Maji yalipanda! Niliyahisi yakipita shingoni, yakaenda juu tumboni kana kwamba yanajua njia. Nikashangaa, nikavuta pumzi, yaliyobaki yakatokea puani. Nikaangukia ndoo. Jirani alikuja mbio, akanikuta nimelowa, akanipa pole ya mgonjwa.

Shemeji asije akajua kwamba maji yalipanda.

Nyumba inanuka sabuni tu. Miaka yote nikifungua mlango nakutana na harufu ya vitunguu na sauti yake ikiniuliza nimechelewa wapi. Leo nimejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Bado hajajamba. Jirani wa kitanda cha pili kajamba jana, wodi ikampigia makofi, leo anakunywa chai. Wivu ulinikaba.

Mke wangu amekonda, pete inamcheza kidoleni. Siwezi kumwangalia mtu aliyenilisha maisha yangu yote akikaa na njaa. Basi shemeji akaenda kunawa, mke wangu kasinzia, daktari akafika na swali lake. Nikamjibu mimi. Ndiyo, amejamba. Mara mbili, ya pili nzito. Daktari akafurahi, akaruhusu supu kidogo.

Niliipika nyumbani mbio, nikamlisha mwenyewe. Mke wangu alinitazama kama anavyonitazama nikimwambia bomba la jikoni limepona. Alijua. Akameza hivyo hivyo, nisije nikajisikia vibaya.

Jumamosi, 9 Machi
Tumbo limemvimba, limekaza kama ngoma. Katapika maji ya kijani. Muuguzi kasema ni nyongo: inatengenezwa na ini, inamwagika mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na ikikuta njia imelala inarudi juu. Wamempitisha mpira puani hadi tumboni, unanyonya.

Shemeji aliuliza ni nani aliyemwambia daktari kuwa kajamba. Nikaanza kutazama dari. Mke wangu, na ule mpira puani, akasema ni yeye. Aliota, akasema, akadhani ni kweli. Hajawahi kudanganya katika ndoa yetu, na uongo wake wa kwanza kautumia kunifichia aibu.

Nilienda chooni nikalia. Nampenda sana. Sijui kama nimewahi kumwambia hivyo bila kuchanganya na habari za mabomba.

Jumatatu, 11 Machi
Wamempiga picha ya tumbo. Daktari mkuu katuita mimi na shemeji katika chumba kidogo chenye viti laini, akafunga mlango. Alisema ugonjwa umefika kwenye ini na umesambaa juu ya utumbo wote. Supu haikuuleta, ulikuwepo. Kukata tena kutamtesa bure.

Nikamuuliza kama wamefikiria kiungio cha shaba. Akajibu taratibu, bila kucheka, kwamba hakuna mahali pa kukifunga. Shemeji akanishika mkono. Tangu nipose kwao hajawahi kunishika mkono.

Nilimsikiliza daktari kwa adabu. Lakini ni huyu huyu wa uzi.

Jumanne, 12 Machi
Nimeshinda!

Wamemhamishia chumba cha peke yake, chenye dirisha. Viti viwili. Kibao kimeondolewa. Daktari hakuuliza swali lake leo, alikaa tu kitandani akamshika mkono mgonjwa. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia dawa ya maumivu atapewa muda wote, wageni waje saa yoyote, na mke wangu apewe chochote atakachopenda, hata kama ni tone la kulowesha ulimi. Chochote! Kumbe ukiwakazania wanakubali.

Shemeji aliposikia alilia hadi akakaa sakafuni. Kushindwa kunauma. Nikamwinua, nikampa kiti changu, sina kinyongo.

Mke wangu alisema angependa supu niliyompikia Ijumaa, ilikuwa tamu. Nimerudi nyumbani mbio. Nimebandika sufuria kubwa kuliko zote, imtoshe mpaka mwisho wa mwezi.