Malalamiko ya Mkuu wa Stoo Kuhusu Uwiano Uliobandikwa Kwenye Friji Yake

Ndugu Mhariri wa Kurasa za Biashara,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine zako za kuchapia. Mimi si mzima sana, na wa kulaumiwa ni gazeti lako.

Wiki iliyopita mchambuzi wenu alizilinganisha supamaketi mbili zinazotazamana mtaani kwetu, ile ya rangi ya bluu na ile ya kijani. Alichukua hesabu zao za mwaka, akazigawanya hivi na vile, akapata anachokiita uwiano, kisha akatangaza kwamba Kijani inaigaragaza Bluu. Huenda hakujua, na ndiyo maana namjulisha kwa upole, kwamba mimi ni mkuu wa stoo wa Bluu na mke wangu ni keshia wa Kijani. Tumeishi kwa amani miaka yote hii kwa sababu ya sheria moja: tukiingia nyumbani, sare zetu mbili zinatundikwa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango, na mambo ya kazi yanabaki hapo hapo. Sheria hiyo sasa imekufa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makala yenu imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye mlango wa friji. Siwezi kuchukua maji baridi bila kusoma kwamba katika kila mia ya mauzo Kijani inabakiwa na sita za faida, na sisi mbili. Siku hizi nakunywa ya bomba.

2. Mchambuzi anasema bidhaa za Kijani huisha na kujazwa upya mara kumi na nne kwa mwaka, za kwetu mara sita. Hakusema kwamba wao wanauza mikate na maziwa, vitu ambavyo visipotoka leo vinanuka kesho, wakati sisi tuna masufuria, magodoro na viti vya plastiki. Godoro halina haraka. Wala hakusema kwamba wao hufunga hesabu baada ya msimu wa mauzo makubwa, rafu zikiwa tupu, na sisi hufunga kabla yake, stoo ikiwa imejaa pomoni. Haya yote nilimweleza mke wangu, naye hakutaka kusikia. Alipita nyumba nzima akisaka mali isiyozunguka: koti langu la harusi, redio yangu, na rundo la sabuni na viberiti chini ya kitanda, ambavyo sijui vilifikaje huko. Redio ameibandika karatasi ya punguzo.

3. Ukwasi. Kwa kila mia ya deni la kulipwa mwaka huu, Kijani ina mia na themanini za kulilipia; sisi tuna tisini. Nakubali, tisini si mia. Lakini je, ilikuwa lazima mke wangu achukue kipimo hicho hicho anipime mimi? Upande wa madeni ameandika bomba linalovuja, mguu wa meza, na safari ya kwa shangazi yake niliyomwahidi tangu tukiwa wachumba. Upande wa mali ameandika "maneno matamu", halafu akayapunguzia thamani kwa sababu ya uchakavu.

4. Jumapili mama mkwe alikuja kututembelea. Mama huyu ananipenda, hajanikosea hata siku moja. Akasoma friji, akavua miwani, akaivaa tena. Nilipokuwa nanyoosha mkono kuchukua kipande cha tatu cha nyama, aliniuliza kwa heshima zote, "Baba, mbona gharama zako za uendeshaji ziko juu hivyo?" Kipande nilikirudisha. Mhariri, iliniuma.

5. Hili ndilo kubwa. Juzi mke wangu alileta fomu ya kuomba kazi Kijani, jina langu ameshalijaza, akaiweka kando ya sahani yangu. "Baba watoto, hama mapema, usingoje mfungiwe milango," alisema, na safari hii hakuwa anatania. Anaogopa. Mimi pia naogopa, kwa sababu meneja wetu naye amesoma gazeti, na sasa anapita katikati ya rafu akituangalia mmoja mmoja kama bidhaa zilizokaribia kuharibika. Lakini sihami. Stoo ile nimeipanga kwa mikono yangu. Umeme ukikatika naweza kukutolea mfuniko wa sufuria yoyote unayoitaka. Uaminifu wa namna hiyo mchambuzi wenu hakuutafutia uwiano.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mchapishe ulinganisho mpya wenye vipimo vya haki, kama vile nafasi za kukaa kwa kila mzee anayeingia dukani (sisi tuna benchi, wao hawana), na salamu kwa kila risiti. Pili, makala za aina hii ziwekewe onyo kama dawa: weka mbali na wanandoa. Tatu, mchambuzi aje mwenyewe kuibandua ile makala, maana mimi nikiigusa nitaambiwa naficha hesabu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga picha, wasahihishaji, na mama anayewapikia chai. Mchambuzi naye msalimie. Sina kinyongo naye, ila akija kununua godoro nitampa lile lililokaa sana.

Ni mimi, kwa heshima na kiu ya maji baridi,

Mkuu wa Stoo, Bluu

Nyongeza: Mke wangu, ambaye hunisahihishia maandishi, ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nikueleze ukweli kuhusu zile sabuni. Basi, nazinunua Kijani. Kila jioni nikitoka kazini navuka barabara, nachukua sabuni moja au kiberiti, napanga foleni ya mke wangu hata ikiwa ndiyo ndefu kuliko zote, ili nikifika mbele aniangalie na kuniuliza kama mgeni, "Kuna kingine, kaka?" Wenzangu wa stoo nao hunifuata, wao kwa ajili ya bei. Kwa hiyo huo mzunguko wa Kijani, kwa sehemu fulani, ni sisi. Na ile fomu, kwa nyuma, imeandikwa kwamba mfanyakazi wa Kijani haruhusiwi kununua kwa keshia aliye mtu wa nyumbani kwake. Hiyo ndiyo sababu sihami. Habari za mifuniko zifute. Mke wangu amesimama nyuma yangu, amesoma hapo mara mbili, amechana fomu. Sasa anasema kesho nisisahau kununua sabuni.