Meneja, Bi Trafiki na Nyama ya Mfukoni

Jumatatu, 4 Agosti

Wamekuja asubuhi, hata uji haujaiva. Mwanangu, mkamwana wangu, mjukuu wangu wa pekee, na mbwa wao aitwaye Meneja. Mkubwa kama ndama, adabu hana hata ya kusingizia. Habari yenyewe: mwanangu na mkewe wanasafiri kikazi mwezi mzima, mtoto abaki na bibi. Nikapiga kigelegele. Nikaambiwa nikirudishe mdomoni kwanza. Mabibi tuko wawili! Mama yake mkamwana naye anamtaka mtoto. Na mtoto hatengani na mbwa, wakitenganishwa, hali chakula.

Mkamwana akaniambia kwa sauti ile ya asali kwamba upendo wangu hana wasiwasi nao, wasiwasi wake ni magoti yangu. Mbwa huyu anavuta, mama, atakuburuta mpaka barabarani. Basi uamuzi wao ni huu. Mtoto na mbwa wanabaki kwangu juma hili wao wakifunga mizigo. Mkwe wangu, huyo bibi mwenzangu, atakuja Jumatano. Jumapili tunakula wote hapa, na kabla ya kula kila bibi anamtembeza Meneja mpaka duka la mkate na kurudi. Atakayeburutwa, mtoto kamkosa.

Nikasema nimelea watoto sita na hakuna aliyetembea kwa kamba. Mkamwana akacheka kwa adabu. Simpendi mtu anayecheka kwa adabu.

Jioni nikamtoa. Nikamtoa! Ndiye aliyenitoa. Kandambili moja iko mtaroni mpaka sasa. Fundi baiskeli wa pale kona akaacha gurudumu lake linazunguka, akauliza kati yetu wawili nani anampeleka mwenzake haja. Nikamwambia aangalie pancha zake. Nilimwambia nikiwa tayari nimeshampita, kwa mwendo ule.

Lakini mtoto huyu simwachi. Ndiye aliyenifundisha kuandika, hapa hapa mezani, mimi niliyeipita shule kwa nje tu na ndoo kichwani. Ndiyo maana mwandiko wangu una miaka saba kama yeye. Tunaitana mke mwenza, maana anadai babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa mume wake kabla ya kuwa wangu. Nyumba hii asipokuwemo ni mafiga yasiyo na chungu.

Jumanne, 5 Agosti

Dawa nimeipata! Wanangu wote niliwaongoza kwa tumbo. Mtoro alirudishwa na harufu ya kitunguu, mkaidi alilainishwa na mchuzi. Mbwa naye ana tumbo. Nini tena?

Nikakaanga nyama yote ya leo, nikaikata vipande, nikaijaza mfuko wa sweta. Tukatoka, mimi, Meneja na mjukuu. Meneja akavuta. Nikamwita, nikamwonyesha kipande. Akarudi mbio! Akala. Akavuta tena. Nikamwita. Akarudi! Mbwa mwenye akili namna hii sijaona. Kila akivuta ninamwita, kila nikimwita anarudi. Kufika dukani alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko jana, lakini jinsi alivyokuwa anarudi!

Mjukuu akasema, Bibi, anavuta ili umwite. Nikamwambia mke mwenza asiingilie elimu ya wakubwa.

Chakula cha mchana maharage matupu. Mtoto akauliza kwa nini mbwa kala nyama na sisi tunakula maharage. Nikamwambia Meneja yuko masomoni.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja. Mkwe wangu, Bi Trafiki. Maisha yake yote alikuwa askari wa barabarani. Amestaafu yeye, mkono wake haujastaafu. Alipofika mlangoni akauinua, na mwenye mkokoteni aliyekuwa anapita zake akasimama. Begi lake limenyooka, viatu vimenyooka, na yeye mwenyewe amenyooka kama aliyemeza mwiko. Akanikumbatia. Ilikuwa kama kukumbatia kabati.

Nikapakua mchuzi wa kuku. Akauinulia mchuzi mkono! Daktari kamkataza chumvi, kamkataza mafuta, akasema mkwe wangu usisumbuke, kabeji ya kuchemsha inanitosha. Usisumbuke! Nyumbani kwangu, mezani kwangu, mtu ananiambia nisisumbuke. Heri angenitukana.

Alasiri akamchukua Meneja. Nikakaa dirishani na chai yangu nione sinema ya bure. Meneja akavuta, Bi Trafiki akasimama. Basi. Kasimama tu, kama nguzo ya umeme. Mbwa akavuta weee, akachoka, akageuka kumtazama, kamba ikalegea. Ndipo akapiga hatua. Mbwa akavuta. Nguzo! Jua likashuka hawajavuka hata geti la jirani. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Nikamhurumia, mama wa watu. Kaja na begi lake lote hilo kuja kuaibika.

Jumatano imekwisha vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Wamefika dukani! Wamefika na kurudi, Meneja kandokando ya mguu wake kama bwana harusi. Mkate nao kaununua, ule niupendao mimi, bado una moto, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nimeula. Mkate hauna kosa.

Nikafikiri haraka. Mbwa mwenye njaa hutembea, mbwa aliyeshiba hulala. Kabla ya zamu yake ya jioni nikampa Meneja uji wa maziwa, wali wa jana, mayai manne, mifupa yote ya kuku, na kiporo cha kabeji (kabeji akaikataa, hapo nikamheshimu). Tumbo likawa ngoma. Nikajisemea, haya Trafiki, jiburutie gunia lako.

Sikujua, jamani. Mbwa aliyeshiba halali, anatembea kama jaji! Taratibu, kichwa chini, hana haja na paka wala jogoo wala mtu. Barabara nzima ikasimama kuwatazama. Fundi baiskeli akapiga makofi, akasema mama huyu akabidhiwe waume wa mtaa, atutembeze na sisi.

Zamu yangu ikaja shibe imeshuka. Meneja akanusa mfuko wa sweta, akaona kumwita kunachelewa, akaung'oa mfuko wenyewe akaumeza na nyama yake. Ameshika somo mpaka kapita mwalimu. Tatizo ni kwamba sasa sina mfuko.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo niandike upesi nikiwa bado na hasira.

Asubuhi Bi Trafiki akiwa anaoga, nikatia maini ya kukaanga katika mfuko wa koti lake. Nia yangu ilikuwa safi kabisa: amtoe Meneja, Meneja amrukie, amwangushe kidogo tu, mahali penye nyasi.

Mvua ikanyesha. Mkate umekwisha, ni zamu yangu kwenda dukani. Sweta limechanika. Bi Trafiki akaniona natetemeka mlangoni, akavua koti lake, akanivisha kwa mikono yake, akafunga vifungo mpaka cha shingoni kama ananipeleka chekechea. Akasema, mkwe wangu, ukiugua wewe hapa tutakula nini. Nikasema sitaki. Akainua mkono. Nikaenda.

Mbwa wa kwanza alitoka kwa fundi baiskeli. Wa pili sijui katoka wapi. Kufika dukani walikuwa ukoo mzima, pamoja na mmoja wa miguu mitatu aliyewazidi wenzake mbio. Kuyatupa maini nilishindwa, vifungo vimenibana na mfuko umekwenda nyuma mgongoni huko, koti la mtu mrefu. Mwuza mkate akanirushia mkate kwa dirishani. Fundi akauliza kama nimeanzisha chama.

Nikarudi mbio, na mbio zenyewe ndizo hizi za magoti haya. Bi Trafiki yuko getini. Akainua mkono. Mbwa wote wakasimama. Na mimi nikasimama! Nimesimama kwenye mvua, getini kwangu, nangoja kuruhusiwa.

Baadaye alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha ini, akakitazama. Akanitazama. Nikasema mvua ya leo kubwa. Akasema kweli kubwa. Halafu ini akalila! Kanigeuzia mgongo, lakini taya nililiona linavyokwenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo sina ujanja, nina vitunguu. Namenya vya kesho.

Mjukuu alikuja kukaa miguuni pangu na daftari lake la shule. Akaniuliza nikishindwa kesho, nani atamkaangia yai lenye kingo za kahawia. Nikamwambia sishindwi. Akasema, Bibi, umeburutwa siku zote. Nikamwambia ndiyo, lakini kila siku tofauti. Akaniegemea pajani akalala hapo hapo, mate yananilowesha gauni, na mimi sikujisogeza mpaka mguu ukafa ganzi. Kitunguu kikali kweli cha msimu huu.

Bi Trafiki akaingia jikoni. Nikakaza uso. Akasema kwa upole, mkwe wangu, nikupe siri, tusigombane kwa mtoto. Kamba ikikaza simama. Ikilegea nenda. Usimpe kitu anapovuta, maana unamlipa kwa kuvuta. Hiyo tu.

Nikamjibu kwamba mimi tangu nizaliwe sijawahi kusimama. Mwanangu huyu aliyemwoa binti yako, ningesimama siku moja tu angekufa njaa. Wewe ulilipwa kusimama katikati ya barabara, mimi nilikuwa navuka na watoto mgongoni.

Akavuta kisu, akamenya vitunguu na mimi mpaka vikaisha. Anamenya vibaya, anatupa nusu. Lakini alimenya.

Jumapili, 10 Agosti

Meza ilipendeza! Kuku wawili wa kuoka, viazi, wali, mboga, kitambaa cheupe. Mwanangu akavuta harufu mlangoni, akasema mama, wewe ni mama. Mkamwana akasema tutembeze kwanza.

Bi Trafiki akatoka, akarudi. Sina la kuandika. Hata mkia wa mbwa ulikuwa umenyooka.

Zamu yangu. Mfuko sina, nikatia paja la kuku kifuani, ndani kabisa ya gauni, nikajifunika mtandio. Nilijua: akiwa na harufu karibu, hatanivuta kwenda mbele. Na kweli, hakunivuta mbele hata hatua moja! Tulipofika getini alinusa kifua changu, akanusa upepo, akakumbuka kwamba lilikotoka paja kuna wenzake. Akageuka. Nikaona bustani inapita, mlango unapita, miguu ya mwanangu inapita. Akapita chini ya meza na kamba yake, mimi nikaishikilia maana nimeambiwa nisiiachie, na kitambaa cheupe kikatufuata sote.

Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni na viazi. Kuku mmoja kwa Meneja. Mwingine kadakwa hewani na Bi Trafiki. Mkono ule!

Mwanangu akanipapasa mifupa. Mkamwana alikuwa analia na kucheka pamoja, akasema mama nisamehe, mtoto atakwenda kwa mama yangu, umeona mwenyewe. Nimeona. Nikaokota kiazi. Nikakipangusa. Sikuweza kumtazama mtoto.

Mtoto akasema yeye haendi kula kabeji mwezi mzima. Kaisema mbele za watu! Mkamwana akamkaripia. Ndipo Bi Trafiki, aliyekuwa amekaa pembeni na yule kuku wake, akasema mtoto ana haki. Sote tukageuka. Paja moja lilikuwa limekwisha, na kidole chake kina chumvi. Akasema hata yeye hakumbuki lini mara ya mwisho alikula kitu chenye ladha. Akashauri jambo: mtoto asihame, yeye ndiye ahamie hapa mwezi huu. Mimi nishike sufuria, yeye ashike kamba. Mwanangu akasema barabara kabisa, mkamwana akambusu kila mtu, mtoto akaninyonga shingo kwa furaha mpaka nikakohoa.

Mtoto wangu habanduki! Habanduki!

Mimi sikuulizwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Wasafiri wameondoka alfajiri. Mke mwenza kala mayai mawili yenye kingo za kahawia, kaenda shule anaimba. Moyo wangu mweupe.

Isipokuwa huyu Bi Trafiki. Kabla ya saa nne kishahamisha viti vyangu vyote. Filimbi yake kaitundika kwenye msumari wa mwiko wangu. Jikoni kaweka utaratibu: kuingia kwa mlango huu, kutoka kwa ule. Nimetoka na chungu cha moto nikarudishwa! Mwezi mzima? Hapana. Lazima arudi kwake kabla ya Jumamosi, na aende kwa hiari, bila ugomvi, tubaki wakwe wazuri. Mbwa nitamtembeza mwenyewe, maana mimi na Meneja tulikuwa tumebakiza kidogo sana kuelewana.

Kwa bahati njia ninayo tayari, na imeshajaribiwa.

Mchana nikakaanga nyama, nikaiweka sahani kwenye kiti nje ya mlango. Akatoka! Akala. Akarudi kuuliza kama kuna nyingine. Nikaisogeza ya pili mpaka getini. Akatoka, akala, akarudi. Ya tatu nikaiweka ng'ambo, kwa fundi baiskeli. Akavuka barabara mwenyewe, kasimamisha magari yote, akala, akarudi mbio na sahani mkononi.

Anashika haraka kuliko mbwa. Kesho naiweka kituo cha basi.