Bia Nyeusi ya Mposaji

Gazeti lilikuwa mikononi mwa Chaki, mwalimu mstaafu, naye aliwasomea wenzake kibarazani kama darasa la tatu.

"Bia nyeusi ya mtindo wa Kibelgiji, iliyopikwa na kijana wa mji huu, yaongoza kwenye maonyesho."

Sentimita, fundi nguo mwenye kibaraza, akasimamisha cherehani. "Ndiye huyo anayemtaka binti yangu. Kaacha kazi benki, anachemsha shayiri." Akatoa chupa chini ya meza. "Kaniletea hii na posa. Onjeni funda moja moja, mnitajie kasoro. Nimrudishie na majibu yake."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Binti akiolewa, nyumbani angebaki yeye na redio.

Wembe, kinyozi wa jirani, akamimina. "Hii bia au oili chafu?" Akanywa, akafumba macho. "Mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Fundi, haraka haraka haina baraka. Niongeze kwanza."

Chaki akafuta povu kwenye masharubu. "Napata zabibu kavu. Sukari iliyoungua. Karafuu kwa mbali. Alama thelathini kwa mia."

"Thelathini tu?" Wembe akamkazia macho.

"Za swali la kwanza. La pili bado sijasahihisha." Akasogeza glasi.

"Inaingia kwa adabu," Wembe akasema, "ikishafika inaanza kupanga viti."

Sentimita akachukua kalamu na karatasi ya vipimo. "Hapo sawa. Kijana ana kiburi. Kasoro ya kwanza?"

"Chupa ndogo," akajibu Wembe.

"Ya pili?"

"Ni moja," akasema Chaki.

Sentimita akainyakua chupa. Nyepesi. "Nilisema funda moja moja, nyinyi mafisi. Sasa namrudishia nini mtoto wa watu?"

"Posa ikishanywewa hairudi," Chaki akatamka taratibu. "Pole, mzazi mwenzangu. Tumeshamwoza."

Sentimita akajimiminia masalia, chachu tupu ya chini ya chupa. Akanywa. Akaichana ile karatasi ya vipimo. Kisha akampigia binti yake simu.

"Mama, mwambie kijana wako alete wazee wake Jumamosi." Upande wa pili kulikuwa na kelele za furaha. Akangoja zitulie. "Ila nyumba ya kukaa aitafute mtaa huu huu. Bia ya namna hii ikisafirishwa mbali inaharibika."