Baraza, Ndoo Moja na Bata wa Jirani

Leo nimeaibika, tena barazani kwangu mwenyewe, mbele ya jumuiya nzima. Nawaandikia nikiwa nimekaa upande mmoja. Sababu mtaijua.

Mnaonifahamu mnajua mimi si mwalimu wa shule. Ila hapa Kibaoni wananiita Mwalimu kwa sababu siwezi kufanya jambo bila kulieleza. Hata nikichemsha chai, naeleza. (Mume wangu amezoea. Siku hizi anaitikia "ndiyo" hata kabla sijaanza.)

Sasa, jumuiya yetu inasali kwa zamu, kila Jumamosi nyumba moja. Na tumejiwekea desturi, ingawa hakuna aliyeiandika, kwamba mwenye zamu lazima aoshe baraza kwa maji mpaka yatiririke njiani. Ndoo sita, saba. Na bomba letu likitoa maji siku moja, siku mbili linapumzika. Juma lililopita Bibi Fausta, ambaye zamu yake inafuata yangu, alimwomba mwenyekiti wetu, Mama Deo, amruke. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba mgongo haubebi ndoo tena, na yeye hawezi kukalisha watu kwenye vumbi. Bibi huyu alihamia huku kutoka Mahenge akiwa msichana, na hajawahi kukosa zamu. Nilimwona anavyoviringisha pindo la kanga vidoleni, ikaniuma.

Nikasimama (nani alinituma?) nikatangaza kwamba Jumamosi waje kwangu nusu saa kabla ya sala. Nitasafisha baraza lote kwa ndoo moja ndogo mbele ya macho yao, na Bibi Fausta ataona kwamba zamu yake haihitaji mgongo.

Leo saa tisa na nusu walikuwa wamejaa. Bibi Fausta nikampa shikamoo na kiti cha mbele. Nikaanza somo.

Njia yenyewe ni nzuri, na bado naitetea. Unachukua makapi, yale maganda makavu ya mpunga ambayo huku kwetu yamelundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Unayanyunyizia maji kidogo, yapate unyevu tu. Unayatandaza barazani, unayaacha kidogo, kisha unafagia. Vumbi linanasa kwenye makapi badala ya kuruka na kurudi pale pale. Doa likibaki unalisugua kwa brashi na majivu, unamalizia na tambara lililokamuliwa. Maji ya tambara inakunywa migomba. Ndoo moja, na maji yanabaki.

Yote hayo niliyaeleza nikiwatazama wao, mkono wangu ukiwa ndani ya gunia. Hapo ndipo penye kosa. Stoo tuna magunia mawili yanayofanana. Moja la makapi, jingine la pumba, ule unga laini unaotoka mashineni, chakula cha kuku. Mkono ulinidokeza kwamba leo makapi ni laini mno. Nikaujibu mkono wangu kwamba labda wamenunua mashine mpya.

Bibi Fausta akainua kidole. "Mwalimu, hayo mbona..."

"Bibi yangu, maswali mwishoni," nikamwambia kwa upole. (Huo upole ndio unaonichoma zaidi.)

Akashusha kidole. Nikachanganya na maji. Ukatoka uji mzito. Kila mwanamke aliyekuwa pale anafuga, kwa hiyo kila mmoja alijua anachokiona: hivyo ndivyo kuku wanavyoandaliwa chakula. Mimi mwenyewe nakiandaa kila asubuhi! Nikautandaza baraza zima, kona hadi kona, nikasema sasa tunauacha dakika kumi ufanye kazi yake.

Hazikufika mbili. Walianza kuku wangu, saba. Nikawafukuza kwa ufagio huku nikiendelea kueleza faida za majivu. Wakaja wa nyumba ya nyuma. Kisha, kupitia tundu la ua, wakaingia bata wa jirani yangu Baba Anjela, wamejipanga mstari kama watu wenye kadi ya mwaliko. Na bata mnamjua. Huku anaingiza, huku anatoa. Sakafu yangu nyekundu, niliyoipaka nta juzi tu, ikaanza kupata rangi nyingine.

Nikaruka kuwatawanya. Sasa niwaeleze jambo: pumba zilizolowa, sakafu yenye nta na kandambili ni vitu vitatu visivyotakiwa kukutana. Miguu ikaenda kwa Baba Anjela, mimi nikabaki. Nikakaa kwa kishindo katikati ya chakula. Bata mmoja mkubwa, bila hata kunitazama usoni, akaanza kula kwenye sketi yangu.

Watu wakauma kanga wasicheke. Kisha nikasikia sauti ya taratibu kutoka kiti cha mbele:

"Mwalimu, sasa ndiyo mwishoni?"

Hapo kanga zikaachiwa. Mama Deo alishikilia nguzo ya baraza asianguke.

Tumeosha kwa ndoo nane. Najua ni nane kwa sababu Mama Deo alizihesabu kwa sauti. Pipa nililokuwa nalitunza tangu Jumatano limekauka. Sala imeanza kwa kuchelewa, sakafu bado imelowa, na kila tulipofika mahali pa kunyamaza na kutafakari, mtu mmoja aliponyokwa na kicheko. (Mara mbili alikuwa mume wangu.)

Baada ya sala Mama Deo akauliza nani achukue zamu ya Bibi Fausta. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeahidi kumrudishia bibi wa watu zamu yake, nikaishia kumwonyesha bata.

Bibi Fausta alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Asichukue mtu," akasema. "Kama leo tumesali palipopita bata, kwangu mtashindwa na vumbi?" Kisha akanigeukia. "Na makapi utaniletea wewe, mwanangu. Ila gunia nitalifungua mimi."

Nitampelekea Ijumaa. Nanyi wanafunzi wangu wapendwa, kuanzia leo maswali yanaruhusiwa mwanzoni.